Kumpa Kijana Riwaya Atakayoifikisha Mwisho: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mpwa wangu alipotimiza miaka 15 nilimpa riwaya niliyoipenda mno nilipokuwa na umri wake. Nikaandika na maneno mawili matatu kwa wino ukurasa wa mbele. Baada ya miezi miwili niliikuta mezani kwake imesimamishwa wima, simu imeegemezwa juu yake ili atazame filamu bila kuishika. Nikamuuliza kitabu kimemwendeaje.

"Kizuri, mjomba," akasema kwa adabu. Alipoona bado nimenyamaza, akaongeza: "Ila mpaka ukurasa wa 80 hakuna mtu aliyefanya kitu."

Nilikwenda kuhakiki. Alikosea kidogo tu: ni ukurasa wa 76.

Nilikuwa nimempa kumbukumbu yangu, nikadhani nimempa kitabu. Tangu siku hiyo nimejifunza upya kazi hii, na haya ninayoandika ni kwa mwalimu, mkutubi, mzazi, dada mkubwa, au yeyote ambaye vijana humjia na kumwambia "nitafutie kitu cha kusoma". Kazi zenyewe ni mbili: kusoma riwaya za vijana zinazoandikwa siku hizi, na kusikiliza. Ya pili ndiyo inayowashinda wengi.

Hatua ya 1: Ijue riwaya ya vijana ni kitu gani

Riwaya ya upelelezi huijua kwa kisa chake. Riwaya ya vijana huijua kwa msomaji wake. Ndani yake utakuta upelelezi, mapenzi, mizimu, vita, sayari za mbali, na maisha ya kawaida ya shuleni na nyumbani. YALSA, chama cha wakutubi wa vijana cha Marekani, humhesabu msomaji huyu kuwa ni wa miaka 12 hadi 18. Hilo ni pengo kubwa. Wa miaka 12 na wa miaka 17 hawaishi dunia moja, kwa hiyo ukiambiwa "hiki ni cha vijana" uliza haraka: vijana wa upande upi?

Wengi huianza historia ya fasihi hii mwaka 1967, ilipotoka The Outsiders ya S. E. Hinton. Alianza kuiandika akiwa na miaka 15, ikachapishwa akiwa na 18, na herufi zile mbili za mwanzo zilitumiwa ili wahakiki wasiidharau kwa kujua kwamba mwandishi ni msichana. Mimi huutazama zaidi ule umri. Msimulizi wake haukumbuki ujana. Yumo ndani yake, na damu bado inachuruzika.

Hapo ndipo penye tofauti. Riwaya ya watu wazima inaweza kumhusu mtoto wa miaka 14 kuanzia mwanzo hadi mwisho, lakini sauti ikawa ya mtu mzima anayegeuka nyuma, anayejua mambo yaliishia wapi. Katika riwaya ya vijana sauti iko palepale pa tukio, na kesho haijulikani. Ndiyo maana nyingi husimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na nyingine kwa wakati uliopo kabisa: nafungua mlango, namwona, nanyamaza. Ukitaka kupima, fungua kurasa mbili tatu popote na ujiulize kama anayesema anajua mwisho wa habari. Akiwa anajua na anahuzunika kwa upole, pengine umeshika kitabu cha watu wazima. Si kwamba kijana hatakipenda. Ujue tu unachompa.

Hatua ya 2: Soma wewe kwanza, tena kwa upana

Anayependekeza kitabu kwa kusoma jalada la nyuma tu hujulikana. Vijana humuuliza, na swali moja la "kwani anakufa?" linatosha kukuumbua.

Hata hivyo hulazimiki kumaliza kila kitu. Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani aliyejulikana sana akiwa Seattle, ana kanuni ambayo wasomaji wengi wameikumbatia: kipe kitabu kurasa 50, kisha uamue. Ukishapita umri wa miaka 50, toa umri wako katika 100. Jibu ndiyo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mwenye miaka 62 anadaiwa 38. Ninayo na kanuni yangu ndogo: nazitazama kurasa 20 za mwanzo kwa jicho la mpwa wangu. Nisipoona mtu anayetaka kitu na kuna kinachomzuia, naandika pembeni "kinaanza taratibu". Sijakikataa. Nimejua tu kwamba kinahitaji msomaji mwenye subira, na wapo.

Soma kwa mzunguko. Moja ya maisha halisi, moja ya fantasia, moja ya kutisha, moja ya mapenzi, moja ya kihistoria, moja iliyoandikwa kwa mashairi huru, moja ya picha. Kisha urudie ile aina usiyoipenda. Mimi riwaya za mapenzi zilikuwa zikinichosha hata kabla sijazifungua. Nikajilazimisha nne mfululizo. Kwenye ya tatu nikaelewa nilichokuwa sikioni: msomaji hasubiri kujua kama wawili hawa watapendana, maana hilo analijua tangu jalada. Anasubiri kuona nini kitawachelewesha, na siku ya kusema ikifika watasemaje. Tangu hapo naweza kumwelekeza mpenzi wa riwaya hizo bila kukunja uso, na uso, niwaambie, vijana huusoma kabla ya jalada.

Sasa, vitabu vyenyewe utavichagua wapi? Tuzo ni pazuri pa kuanzia, lakini zisome kwa makini. Tuzo ya Printz, inayotolewa tangu mwaka 2000 na yenye jina la mkutubi wa shule, hutazama ubora wa kifasihi peke yake. Umaarufu wa kitabu hauhesabiwi. Kwa hiyo mshindi ni kitabu kilichoandikwa kwa ustadi, na bado kinaweza kumshinda kijana unayemtafutia. Kuna pia tuzo za Alex, ambazo kila mwaka huchagua vitabu 10 vya watu wazima vinavyoweza kuwavuta vijana. Hizo humfaa wa miaka 17 aliyeanza kuona rafu ya vijana ni ya wadogo zake.

Sifa zinazovuma mtandaoni zipokee kwa tahadhari zaidi. Utafiti wa mwaka 2012 wa Bowker, kampuni ya takwimu za vitabu, nchini Marekani ulionyesha kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vya vijana walikuwa na miaka 18 au zaidi, na walipoulizwa wanamnunulia nani, asilimia 78 ya mara walisema ni kwa ajili yao wenyewe. Hakuna ubaya; mimi mwenyewe ni mmoja wao. Ila ina maana kwamba kelele nyingi za "kitabu cha mwaka" zinapigwa na watu wanaolipa kodi ya nyumba. Orodha ambazo vijana wenyewe wamepiga kura zina thamani ya pekee, hata zikiwa na vitabu vinavyokuudhi.

Hatua ya 3: Weka daftari

Ukifika kitabu cha 40 wahusika wataanza kuchanganyika kichwani. Andika mistari michache mara tu unapomaliza, kabla hujafungua kingine.

Hapa pia Nancy Pearl ananisaidia. Anasema msomaji huingia kitabuni kwa mojawapo ya milango minne: kisa, wahusika, mandhari, au lugha. Wa mlango wa kisa hugeuza kurasa ili ajue kitakachofuata. Wa wahusika huona huzuni kitabu kinapoisha, kana kwamba anaagana na rafiki. Wa mandhari anataka ulimwengu wa kuzama ndani yake, na ramani ikiwepo ukurasa wa mbele ndiyo furaha yake. Wa lugha husoma sentensi mara mbili na kumsomea aliye karibu. Riwaya mbili zinaweza kuhusu msiba uleule, moja ikafunguka kwa kisa na nyingine kwa lugha, na aliyependa ya kwanza akaitupa ya pili. Ndiyo maana "hiki nacho kinahusu kufiwa" si sababu ya kutosha ya kuunganisha vitabu.

Hivi ndivyo daftari langu linavyosema kuhusu riwaya moja:

Long Way Down, Jason Reynolds, 2017. Will, miaka 15. Kaka yake Shawn amepigwa risasi akafa. Will ana bastola, yumo kwenye lifti anashuka kwenda kulipiza. Safari ya dakika moja tu. Mashairi huru, kitabu kinene kwa macho lakini maneno machache kila ukurasa. Mlango: kisa, halafu lugha. Kinaanza papo hapo. Tahadhari: mauaji, bunduki, msiba. USITAJE wanaoingia kwenye lifti.

Huo mstari wa mwisho usiuache kamwe. Siku ukiwa na shauku mdomo utakuponyoka, na uhondo wote umemwaga wewe.

Hatua ya 4: Muulize, lakini si swali lile

"Unapenda vitabu vya aina gani?" ni swali la adabu na halina faida. Kijana hulisikia kama mtihani. Atakwambia "vyovyote tu", na maana yake ni "naomba niondoke".

Jaribu haya. Kitu gani cha mwisho ulichoshindwa kukiacha, iwe filamu, mchezo wa simu au tamthilia? Kitabu gani ulikiacha njiani, na ulichokea wapi? Sasa hivi unataka kutishwa, kuchekeshwa, au kulizwa? Kati ya matatu hayo, la kitabu kilichoachwa ndilo lenye hazina. Watu wakisifu hutumia maneno ya jumla, lakini wakilalamika huwa mahususi: majina yalikuwa mengi, dada mtu alikuwa mjinga, walikaa wakitembea tu msituni. Kila lalamiko ni alama ya njia.

Mazungumzo ya aina hii nimeyafanya mara nyingi:

"Mimi sipendi kusoma."

"Sawa. Unafuatilia nini?"

"Mpira."

"Unapenda mechi yenyewe, au habari za wachezaji?"

"Habari. Nani kahama, nani kagombana na kocha, nani kamsaliti nani."

Mwenye haraka angemkabidhi riwaya ya mpira na kujipongeza. Lakini kijana huyu hajasema anapenda kukimbizana uwanjani. Amesema anapenda kundi la watu lenye utii, wivu na usaliti. Atafurahia riwaya ya fantasia yenye ufalme unaogombaniwa na ndugu, au ya bweni lenye makundi mawili yasiyosalimiana. Mpira unaweza usiwemo kabisa.

Hii ndiyo mbinu ninayoitegemea kuliko zote: sikiliza vitenzi kuliko nomino. Kijana akisema anapenda mazimwi, hujapata kitu bado. Riwaya yenye zimwi inaweza kuwa ya vita, ya mapenzi, au ya mtoto mpweke na mnyama wake. Muulize hao mazimwi wanafanya nini, au watu wanawafanya nini. Akijibu "wanawafuga kwa siri", umeshapata: siri, malezi, hofu ya kugunduliwa. Tafuta hayo daftarini. Ndiyo faida ya kuandika nini kinatendeka badala ya kuandika "fantasia" na kuishia hapo.

Hatua ya 5: Toa vitatu, kisha usogee

Ukitoa kimoja, umemweka mtu njia panda: akubali au akukatalie wewe. Ukitoa kumi, umempa kazi ya nyumbani. Vitatu vinatosha. Cha kwanza kiwe karibu kabisa na alichokisema. Cha pili kiwe na kitenzi kilekile katika mavazi mengine. Cha tatu kiwe cha kubahatisha, na umwambie wazi kwamba unabahatisha. Hicho cha tatu huchaguliwa mara nyingi kuliko ningetegemea.

Kila kimoja kieleze kwa nusu dakika: ni nani, anataka nini, nini kimeharibika. Halafu nyamaza. Linganisha:

"Ni riwaya nzuri sana kuhusu umuhimu wa ukweli katika familia, utajifunza mengi."

"Msichana anakuta barua za baba yake aliyekufa. Ya mwisho ina tarehe ya wiki iliyopita."

Kisa hiki nimekitunga sasa hivi, msikitafute. Lakini umeona: ya kwanza inafunga mlango kwa kufuli la mafunzo, ya pili inauacha wazi kidogo. Neno "utajifunza" liondoe katika kinywa chako. Na usitumie misimu ya vijana kama si yako. Nimejaribu, nikatazamwa kwa huruma.

Akishavishika, ondoka. Panga rafu, pokea simu, fanya lolote. Kijana anayetazamwa huchagua kitakachokufurahisha wewe, na kesho kitakuwa kishikizo cha simu.

Hatua ya 6: Yaseme mambo mazito mapema

Riwaya za vijana za leo hazikwepi. Kujiua, ubakaji, dawa za kulevya, mzazi mlevi, ubaguzi, yote yamo, mara nyingine katika kitabu chenye jalada la rangi za pipi. Usimkinge kijana kwa kunyamaza, wala usimshtukize. Sema kwa sauti ileile uliyotumia kusema mengine: "Katikati kuna sehemu ngumu, rafiki yake anajaribu kujiua. Ukipenda nikwambie ni sura ipi uiruke." Wengi hukataa kuambiwa, na hufurahi kuulizwa. Mzazi akihoji, daftari lako lina jibu: kipo hiki, kinaelezwa kwa kina kiasi hiki, na nimemwambia. Uamuzi wa nyumbani ni wa nyumbani.

Mwaka 1990 Rudine Sims Bishop, mtaalamu wa Marekani wa fasihi ya watoto, aliandika kwamba vitabu ni madirisha, vioo, na milango ya kioo ya kusukuma: msomaji huona maisha ya wengine, hujiona mwenyewe, na hata kuingia upande wa pili. Watu wengi wanaonukuu fikra hiyo hukumbuka kioo tu. Kijana kafiwa na mama, siku ya tatu analetewa riwaya ya yatima. Anahama shule, anapewa ya mgeni darasani. Pengine ndicho anachokitaka. Mara nyingi anataka dirisha la mbali, mahali ambapo hakuna anayemjua. Usimkisie. Changanya kioo kimoja katika vile vitatu, kisimame pamoja na vingine bila kuelezwa, naye atakichukua siku akiwa tayari.

Hatua ya 7: Kwa yule aliyeapa kwamba hasomi

Hapa niwe mfupi, maana na vitabu viwe vifupi. Riwaya ya ushairi humpa ushindi wa haraka: anafika ukurasa wa 100 kwa kikao kimoja, na hajawahi kufika huko maishani. Riwaya ya picha ni kusoma. Kitabu cha kusikiliza ni kusoma pia, na asikwambie mtu vingine. Mfululizo wa vitabu vitano vinavyofanana ni kusoma vitano. Unaweza pia kumsomea sura ya kwanza kwa sauti ukaishia pabaya zaidi, pale mlango unapogongwa.

Mfaransa Daniel Pennac aliorodhesha mwaka 1992 haki kumi za msomaji. Ya kwanza ni haki ya kutosoma, ya pili kuruka kurasa, ya tatu kutomaliza. Mwalimu ninayemfahamu alizibandika ukutani, na wanafunzi wake waliziona kama hila. Wakajaribu kuzitumia zote wiki ya kwanza. Wiki ya tatu wawili walikuwa wakigombea kitabu kimoja.

Hatua ya 8: Fuatilia bila kupeleleza

Haki ya kumi ya Pennac ni ya kunyamaza: msomaji hadaiwi maelezo. Kwa hiyo usimuulize kijana kitabu kinahusu nini wala kimemfundisha nini. Muulize "umefika wapi?" Swali hilo halina jibu baya. Akisema "niliacha", uliza aliacha ukurasa wa ngapi, uandike, umshukuru. Habari hiyo itamsaidia anayefuata. Akisema "nimemaliza", usikimbilie kumpa cha pili cha mwandishi yuleyule. Uliza kwanza ni nani alimchukia zaidi kitabuni. Utajua mlango alioingilia.

Na akikupendekezea yeye, kisome, tena wiki hiyohiyo. Mpwa wangu, ambaye sasa ana miaka 19, mwezi uliopita aliniletea riwaya ya majitu yenye kurasa zaidi ya 600. Nimefika wa 212. Ameshaniuliza mara mbili nimefika wapi, na mara ya pili alikuwa akiitazama meza yangu, mahali ninapoweka simu.